Avatara Si Umwilisho, Tuache Kudanganyana

Kuna sentensi imechakaa kwa kuvaliwa na watu wengi, na bado kila anayeivaa anadhani imetoka dukani leo. Inasema: Krishna wa Wahindu na Yesu wa Wakristo ni kitu kilekile, Mungu aliyekuja kuwa mtu, kilichobadilika ni majina na mavazi tu. Utaisikia kwenye mijadala ya vitabu, kwenye vipindi vya redio vya usiku, hata kwa wahadhiri wanaotaka darasa litoke na furaha. Anayeisema hutabasamu, maana anaamini ameleta amani kati ya majirani. Mimi nasema hajapatanisha mtu yeyote. Amechukua vitabu viwili vikubwa akavizika kaburi moja, kisha akayaita mazishi hayo heshima.

Sentensi hiyo ina pacha wake mwenye kiburi. Huyu anasema: wetu ni historia, wao ni hekaya, wetu ni mmoja, wao ni samaki, kobe na nguruwe. Huongea kama mtu aliyeshinda kesi ambayo upande wa pili haukuitwa mahakamani. Mimi nimebatizwa, nalisema hilo mapema usije ukadhani nauza kitu kwa kificho. Lakini ubatizo haukunipa ruhusa ya kusoma kitabu cha mwenzangu kwa jicho la kengeza.

Hoja yangu ni moja. Avatara ya Wahindu na umwilisho wa Wakristo ni majibu ya maswali mawili tofauti. Ukitaka ushahidi, usiende kuhesabu mara ngapi Mungu alikuja. Tazama kila simulizi inaufanyia nini mwili siku ya mwisho.

Tuanze na neno lenyewe. Avatara ni neno la Kisanskriti, na ndani yake kuna kuvuka na kuna kushuka: mtu anavuka toka juu kuja chini. Sisi wengi tumelipata kupitia kompyuta. Ni ile picha unayojitengenezea kwenye mchezo au kwenye simu, unaipa nywele, unaipa miwani, ukiichoka unaifuta. Halafu mwaka 2009 ikaja filamu ya James Cameron yenye jina hilohilo, watu wa rangi ya buluu, mwili unaoingiwa na kutokwa kama gari la kukodi. Basi msomaji anafungua Bhagavad Gita akiwa na picha hiyo kichwani. Cha kuchekesha ni kwamba neno avatara halimo kabisa ndani ya Gita. Sura ya 4, pale Krishna anapojieleza kwa rafiki yake Arjuna, inatumia maneno ya kuzaliwa na kutokea.

Na anajieleza vipi? Anamwambia Arjuna kwamba yeye amekwisha kuzaliwa mara nyingi. Kisha anaongeza jambo ambalo wasomaji wetu hulipita mbio: hata wewe Arjuna umezaliwa mara nyingi. Tofauti ni kwamba Krishna anazikumbuka zote, Arjuna hazikumbuki. Simama hapo kidogo. Katika ulimwengu wa kitabu hicho, kuingia mwilini si muujiza hata kidogo. Kila mtu kaingia, katoka, kaingia tena, anasukumwa na deni la matendo yake. Wewe umeingia, mimi nimeingia, mbuzi wa jirani kaingia. Cha ajabu ni mmoja anayekuja bila kusukumwa. Hana deni, anakuja kwa hiari, akijua anachofanya, kila mara haki inapodhoofika na dhuluma kunenepa. Anakuja kuwalinda wema, kuwaangamiza waovu, kuirudisha dharma, yaani ule mpangilio wa haki unaoufanya ulimwengu usimame. Swali ambalo avatara inalijibu ni hili: nani atautengeneza ulimwengu unapoharibika tena na tena?

Sasa fungua Injili ya Yohana, sura ya 1. Huko hakuna aliyewahi kuzaliwa mara mbili. Kuna Muumba upande mmoja, kuna viumbe upande mwingine, na katikati kuna pengo ambalo nabii hawezi kulivuka. Ndipo mwandishi anasema yule Neno aliyekuwako tangu mwanzo akawa nyama. Neno la Kigiriki alilolichagua, sarx, ndilo hilo hasa: nyama, kitu kinachochoka na kuoza. Angeweza kutumia neno la staha zaidi, hakulitumia. Swali linalojibiwa hapa si nani atautengeneza ulimwengu. Ni hili: Mungu anaweza kuwa mmoja wetu kiasi gani? Jibu la Wakristo ni kwamba anaweza mpaka mwisho, mpaka njaa, mpaka machozi mbele ya kaburi la Lazaro, mpaka msalaba wa Warumi.

Hayo ni maswali mawili. Mtu anayeyaita moja hajasoma hata kimoja kati ya vitabu hivi.

Najua pacha mwenye kiburi ameshaanza kutikisa kichwa: ona basi, amekubali kwamba mwili wa Krishna ni vazi tu, wa Yesu ndio wa kweli. Hapana, ndugu yangu. Sijakubali.

Chukua Ramayana ya Valmiki. Ravana, mfalme wa mashetani wa Lanka, alijipatia ahadi kwamba miungu haitaweza kumuua, wala viumbe wengine wakubwa aliowataja. Wanadamu hakuwataja. Aliwadharau tu. Hadithi nzima imesimama juu ya dharau hiyo: lazima amuue mwanadamu. Kama Rama ni Mungu aliyevaa ngozi ya mtu, basi ahadi ya Ravana imevunjwa kwa hila na hadithi imekufa. Ndiyo maana Rama wa Valmiki ni mtu kwelikweli. Sita anapotekwa, anazunguka msituni akiiuliza miti kama imemwona mke wake. Hata mwisho, miungu inaposhuka kumwambia yeye ni Vishnu, anajibu kwamba yeye anajijua kuwa mtu, mwana wa Dasharatha. Wanalazimika kumweleza. Hiyo ndiyo unaita kinyago? Vinyago haviulizi miti.

Na ndani ya Uhindu wenyewe jambo hili limegombaniwa na vichwa vikubwa. Shankara, katika utangulizi wa ufafanuzi wake wa Gita, anasema Bwana huonekana kana kwamba amezaliwa, kana kwamba ana mwili. Hilo "kana kwamba" ni lake na ni zito. Karne kadhaa baadaye akaja Ramanuja akalikataa: kuzaliwa kwa Bwana ni kweli, si kiinimacho, ingawa mwili wake haukufinyangwa kwa udongo huu wetu wenye madoa. Kwa hiyo mtu akikwambia Wahindu wanaamini mwili wa avatara ni wa bandia, muulize: Mhindu yupi? Wa karne gani?

Wakristo nao wasijifanye walizaliwa wanajua. Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi wa Antiokia, akiwa njiani kupelekwa Roma kuuawa, aliandika barua akiwashambulia watu waliosema Kristo aliteseka kwa kuonekana tu. Watu hao walijiita Wakristo. Ilichukua mpaka mwaka 451, kwenye mtaguso wa Kalkedonia, kukubaliana kwamba ni nafsi moja yenye asili mbili kamili, ya Mungu na ya mtu, bila kuvurugwa na bila kuachanishwa. Na hata hapo Wakopti wa Misri, Waethiopia na Waarmenia hawakuyakubali maneno hayo, na hawajayakubali hadi leo. Imani iliyogombana karne nne juu ya mwili wa mtu mmoja haina haki ya kumcheka jirani anayegombana juu ya miili kumi.

Kumi nayo ni desturi tu. Kitabu cha 1 cha Bhagavata Purana kinaorodhesha zaidi ya ishirini, kisha kinasema hazihesabiki, kama vijito vinavyotoka kwenye ziwa lisilokauka. Kwa hiyo hoja ya mmoja dhidi ya kumi ni hoja ya mtu anayehesabu mbegu bila kuonja tunda.

Twende sasa mahali ninapodai tofauti inalala, yaani kwenye kifo.

Wengi hawajui kwamba Krishna anakufa. Wanajua mtoto mwizi wa siagi, mpiga filimbi, mwendesha gari la vita la Arjuna. Lakini Mahabharata ina kitabu cha 16, kifupi na cha kutisha. Vita vya Kurukshetra vilipokwisha, Gandhari, mama aliyepoteza wana mia, alimgeukia Krishna akamlaani: wewe uliyeweza kuzuia haya na hukuzuia, baada ya miaka thelathini na sita ndugu zako watauana kwa mikono yao, nawe utakufa peke yako porini. Krishna hakubisha. Na ikawa. Ukoo wake ukalewa, ukauana ufukweni. Yeye akaingia msituni, akalala chini katika tafakuri. Mwindaji aitwaye Jara, jina ambalo maana yake ni uzee, akauona mguu wake akadhani ni mnyama, akauchoma kwa mshale kwenye unyayo. Alipokaribia na kuona alichokifanya aliogopa. Krishna akamtuliza, kisha akapaa.

Mwili je? Mahabharata inasema Arjuna alikuja, akautafuta, akauchoma kwa moto kama miili mingine ya wafu. Bhagavata Purana, kama wafafanuzi wake wengi wanavyoisoma, haikubaliani: Bwana aliingia makao yake na mwili wake uleule, haukuungua. Ona hapo, vitabu viwili vya dini moja vinasema mambo mawili, na ibada haikuporomoka. Kwa nini? Kwa sababu kule swali la mwili wa mwisho halibebi nyumba nzima. Kazi ilikuwa kuirudisha haki, na kazi imekwisha. Enzi imefungwa, bahari inaumeza mji wa Dwaraka, na hata Arjuna, aliyewahi kutikisa ulimwengu, anashindwa na majambazi wa njiani. Aliyeshuka amepanda. Atakuja tena, kwa umbo jingine.

Sasa rudi kwa Yohana, sura ya 20. Huko mwili ukichomwa au ukioza kaburini, kila kitu kimekwisha. Paulo mwenyewe anakiri hivyo kwa Wakorintho. Na mwili unaporudi, unarudi na matundu. Tomaso anaambiwa aguse. Kwa Luka, mfufuka anaomba chakula, anakula samaki. Anapaa nao. Mafundisho ya Kikristo hayasemi popote kwamba siku moja aliuvua akapumzika. Makovu ya misumari yameingia ndani ya Mungu yakabaki huko. Hili ni dai la kutisha mno, na Wakristo wengi ninaowafahamu wanalisema kila Jumapili bila kupepesa jicho.

Kwa hiyo tofauti si kwamba mmoja ni wa kweli na mwingine ni kivuli. Mmoja anaingia katika mwili kwa ajili ya kazi, na mwili unabaki upande wa kazi. Mwingine anaingia katika mwili kwa ajili ya mwili wenyewe, na hatoki tena.

Tofauti hiyo ikishawekwa mezani, ndipo mazungumzo yanaanza, na yanauma. Mhindu ana haki ya kumuuliza Mkristo: mbona mara moja tu? Mungu mwenye huruma aje mara moja, kwenye jimbo moja la Dola ya Roma, halafu wote waliozaliwa kabla, na waliozaliwa mbali, wapewe habari za kusimuliwa? Barua kwa Waebrania inasisitiza mara moja kwa wakati wote, lakini kusisitiza si kujibu. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza nani, wapi, lini, na najua ugonjwa wa taaluma yangu: tunadhani chenye tarehe ndicho chenye uzito. Pontio Pilato kutajwa kwenye Kanuni ya Imani kunatupa jina la mtawala na muda wake. Hakulijibu swali la Mhindu.

Mkristo naye ana haki ya kuuliza: wale waovu wanaoangamizwa kila enzi, nani atawalilia? Na hapa Mahabharata inanifanya niivulie kofia, kwa sababu imeshauliza kabla yake. Gandhari ndiye swali hilo. Kitabu kimempa mama wa waovu nafasi ya kumlaani Mungu usoni, na Mungu akaikubali laana. Ukiwaambia watu kwamba Gita na Injili ni kitu kimoja, umemnyamazisha Gandhari. Umemnyamazisha na Tomaso.

Msomaji Mwislamu atanikatiza hapa aseme yote mawili ni kosa lilelile, kumshusha Muumba kwenye kiumbe. Namwelewa, na msimamo wake ni wa wazi kuliko wa yule anayetabasamu, maana anajua anachokikataa kina gharama. Ninachomwomba ni kwamba akatae viwili, si kimoja kilichopewa majina mawili.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sentensi ya "ni kitu kimoja" hujiita ukarimu. Tuutazame ukarimu huo. Buddha aliwekwa kwenye orodha ya avatara za Vishnu. Vizuri, sivyo? Lakini soma Bhagavata Purana: amewekwa kama aliyekuja kuwapotosha maadui wa miungu. Jayadeva, mshairi wa karne ya 12, alikuwa mpole zaidi, akamsifu kwa kuwahurumia wanyama wa kafara. Vyovyote vile, Wabudha hawakuulizwa. Upande wa pili, mwaka 1913, mmisionari kutoka Scotland, J. N. Farquhar, alichapisha kitabu alichokiita The Crown of Hinduism, akidai Kristo ndiye taji la Uhindu, kwamba yote mazuri ya kule yanakamilika kwake. Naye aliona ni ukarimu. Wahindu hawakuwa wameomba taji. Chatu naye humkumbatia mbuzi.

Wapo waliofanya kazi ngumu badala ya kumeza. Thomas Stephens, Mjesuiti Mwingereza, alikaa Goa miaka karibu arobaini, na mwaka 1616 akachapisha Kristapurana, maisha ya Kristo katika beti zaidi ya elfu kumi za Kimarathi, kwa mtindo wa purana zenyewe. Ilimbidi aijue nyumba ya jirani chumba kwa chumba kabla ya kuazima mlango wake. Baadaye, Brahmabandhab Upadhyay, Mbengali aliyezaliwa Mbrahmani mwaka 1861 akaja kubatizwa, alishikilia kwamba Krishna ni avatara kweli, na Kristo si avatara. Miaka ya 1920, mwanasheria wa Madras, Vengal Chakkarai, naye Mkristo wa asili ya Kihindu, akafanya kinyume: akaandika kitabu kinachomwita Yesu avatara waziwazi, lakini akashikilia kwamba avatara hii haikwishi. Hao wawili waligombana na neno lilelile wakafika pande tofauti. Ila wote waliijua tofauti, na hakuna aliyejifanya haipo.

Na sisi wa Kiswahili? Tuna methali, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Tumeishi na Wahindu pwani hii vizazi na vizazi, mpaka tukawaweka kwenye methali, na tulichokikumbuka ni kiatu. Dar es Salaam unapita Kisutu, mahekalu yako pale barabarani, siku ya Diwali taa zinawaka kusherehekea Rama kurudi nyumbani, na wapita njia tunasema tu leo Wahindi wana sikukuu. Halafu mtu huyohuyo akiingia kwenye mjadala anasema eti dini zote ni moja. Umejuaje, nawe hujawahi kuuliza hata taa ni za nini?

Kwa watafsiri nina ombi la ukali kidogo. Acheni kutafsiri avatara kwa "umwilisho" au "kufanyika mwili". Maneno hayo yana mwenyewe. Yamebeba Yohana, Kalkedonia na matundu ya misumari, na ukiyabandika kwa Krishna unamvika kanzu ya padri. Iacheni avatara iwe avatara, kama tulivyoiacha dharma. Kiswahili hakijawahi kuogopa mgeni. Kilichokiumiza ni wenyeji wanaomwita kila mgeni kwa jina la mjomba wao.

Na wewe unayependa vitabu, usikubali kupewa muhtasari wenye tabasamu. Soma sura ya 11 ya Gita, pale Arjuna anapoona umbo la kutisha la aliyekuwa akimwita rafiki, akatetemeka, akaomba radhi kwa mazoea yake yote, kisha akamsihi arudie sura aliyoizoea. Halafu soma Tomaso, anayeambiwa anyooshe mkono kuelekea ubavu uliochomwa. Mmoja anaomba Mungu ajifiche tena ndani ya mtu, maana hawezi kuvumilia kumwona. Mwingine hataki kuamini mpaka amguse mtu mwenye majeraha, na hapo ndipo anapotamka neno Mungu. Ukimaliza, njoo uniambie ni kitu kimoja.